Kilomita 10 zilizojirudia

Nilikuwa nimeandaa somo la wastani, mediani (namba ya katikati) na modi (namba inayojirudia zaidi), na ili nisirudie orodha ileile ya urefu wa wanafunzi iliyomo kitabuni, nilipakua jedwali la matetemeko ya ardhi ya siku saba zilizotangulia kutoka USGS, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na utafiti wa jiolojia, ambayo huliacha jedwali hilo wazi kwa mtu yeyote na kulihuisha kila dakika. Kila mstari ni tetemeko moja: saa lilipotokea, latitudo, longitudo, kina kwa kilomita, ukubwa, na safu nyingine kadhaa ambazo siku hiyo sikuzijali. Niliwagawa wanafunzi katika makundi, nikawapa safu ya kina na kuwaagiza wafanye hesabu. Nilidhani ni kazi ya dakika 20.

Kundi la kwanza kumaliza lilisema modi ni 10, na la pili likasema vivyo hivyo. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, kwa nini ardhi inapenda kupasuka kwenye kilomita 10 kamili?" Nikaenda kuitazama karatasi yake. Vina vingine vilikuwa na desimali za kila aina, lakini 10 ilijirudia tena na tena bila desimali yoyote, katika bahari hii na ile, kana kwamba miamba ya dunia nzima ilikuwa imekubaliana. Sikuwa na jibu. Nilikiri hivyo mbele ya darasa, jambo ambalo katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nisingethubutu kulifanya, na swali likabaki ubaoni hadi kipindi kilichofuata.

Mahali pa tetemeko hukokotolewa kutokana na nyakati ambazo mawimbi yake yalifika katika vituo mbalimbali vya kupimia mitetemo. Vituo vikiwa karibu na vikiwa vimelizunguka eneo hilo, hesabu hutoa latitudo, longitudo, kina na saa ya kuanzia bila matatizo makubwa. Vikiwa mbali, kina na saa ya kuanzia huanza kuchanganyikana, kwa kuwa tetemeko lililotokea chini zaidi lakini mapema kidogo huacha nyakati zinazokaribia kufanana na za lile lililotokea juu zaidi na kuchelewa kidogo. Mlinganyo wenye vitu vinne visivyojulikana unakosa taarifa ya kutosha ya kukipata kimojawapo, na hapo wataalamu hukifunga kina kwenye kilomita 10, thamani iliyo ya kawaida kwa matetemeko yasiyo ya kina kirefu, kisha hutafuta vile vitatu vilivyobaki. Zamani thamani iliyotumiwa mara nyingi ilikuwa kilomita 33. Kwa hiyo 10 ile ilikuwa makisio yaliyoingia katika safu ya vipimo yakiwa yamevaa sare ya vipimo, na modi ambayo wanafunzi wangu waliitafuta kwa uaminifu ilieleza mahali vituo vilipo kuliko ilivyoieleza ardhi yenyewe.

Tangu wakati huo nimebadili sababu yangu ya kuleta data za papo hapo darasani. Zamani nilizipendea upya wake. Niliamini kwamba tetemeko lililotokea asubuhi ya leo litamvutia mwanafunzi kuliko lile la mwaka ambao hajazaliwa. Mvuto huo upo, lakini hudumu kwa muda mfupi sana, pengine kipindi kimoja na nusu. Kinachodumu ni ukweli kwamba hakuna aliyezisafisha namba hizo kabla hazijamfikia mwanafunzi. Namba za kitabuni ni mchele uliokwisha kuchambuliwa: mwandishi ameshaondoa mawe yote, na mwanafunzi hukua akidhani kwamba mchele huota hivyo shambani. Zaidi ya hayo, hakuna majibu nyuma ya kitabu, na mwalimu mwenyewe anayatafuta pamoja na darasa.

Jedwali lile la matetemeko limenipa masomo mengi kuliko nilivyotarajia, na bado silioni mwisho wake. Kipimo cha ukubwa kilichoasisiwa na Charles Richter mwaka 1935 ni cha logarithimu: ukubwa ukipanda kwa 1, kimo cha wimbi linalochorwa na mashine huongezeka mara 10, na nishati inayotolewa huongezeka takriban mara 32, kwa sababu 10 ikipandishwa kwa kipeo cha 1.5 ni 31.6. Mwanafunzi aliyekuwa akizikariri kanuni za logarithimu bila kujua zinamsaidia nini hushtuka akigundua kwamba tofauti kati ya 5 na 7, ambayo kwenye karatasi ni 2 tu, ni tofauti ya nishati ya mara 1,000.

Baada ya hapo nawapa orodha ya mwezi mzima ya matetemeko yenye ukubwa wa 4.5 na kuendelea, ambayo kwa kawaida huwa na mistari mia kadhaa. Wanahesabu ni mangapi yamefika 4.5, mangapi yamefika 5, 5.5 na 6, kisha wanachora logarithimu ya idadi dhidi ya ukubwa. Nukta hujipanga karibu na mstari ulionyooka wenye mteremko wa takriban hasi 1, yaani kila ukipanda hatua moja ya ukubwa, idadi hupungua mara 10 hivi. Uhusiano huo ulielezwa na Beno Gutenberg na Richter katika miaka ya 1940, na ndio unaotufanya tutarajie matetemeko kama 15 ya ukubwa wa 7 kwa mwaka duniani kote lakini moja tu hivi linalofika 8. Siwaambii habari za Gutenberg mpaka mstari umeonekana. Nikiwaambia mapema, wanaacha kutazama nukta na kuanza kuchora wanachojua ninakitaka.

Utamu wenyewe uko katika hatua inayofuata, ninapowapa orodha inayoanzia 2.5. Mstari ambao ungepaswa kuendelea kupanda unapinda na kulala upande wa matetemeko madogo. Karibu kila darasa huniambia kwamba matetemeko madogo ni machache kuliko kanuni inavyodai, na mimi hunyamaza. Kisha wanaziweka nukta hizo kwenye ramani, na Marekani, hasa California na Alaska, inajaa nukta kupita kiasi ilhali maeneo mengine yanayojulikana kwa matetemeko yanaonekana yametulia. Hapo ndipo mmoja wao husema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba tetemeko dogo linaingia katika orodha pale tu penye kituo cha kulisikia. Nimefundisha upendeleo wa sampuli kwa ufafanuzi wa kitabu kwa miaka mingi, na sijawahi kuona sura za wanafunzi zikibadilika kama zinavyobadilika mbele ya ramani hiyo.

Kuna pia safu inayotaja aina ya tukio, ambayo wengi huiruka. Ukipakua orodha yenye ukubwa wote, utakuta humo mistari ambayo si matetemeko kabisa bali ni milipuko ya machimbo ya mawe. Waambie wanafunzi waipange milipuko hiyo kwa saa za mahali ilipotokea, wakizingatia kwamba jedwali limeandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo lazima ibadilishwe kwanza. Milipuko hujikusanya mchana, kwa sababu wachimbaji nao hulala usiku, ilhali matetemeko hayajali saa. Grafu moja ya nguzo inatosha kumfanya mwanafunzi aelewe jinsi mgawanyo wa data unavyoweza kumfichua aliyezisababisha.

Mfano wangu wa pili ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Zipo huduma za bure kwenye intaneti zinazotoa latitudo na longitudo ya sehemu ya dunia ambayo kituo hicho kiko juu yake kwa sekunde hiyo. Wanafunzi wakubwa huandika nafasi mbili zilizotengana kwa dakika 10 na kutafuta umbali kwa trigonometria ya tufe. Wadogo huweka uzi juu ya tufe la darasani na kuupima kwa rula. Kwenye tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, uzi huwa na urefu ulio chini kidogo ya sentimita 10, ambao ukibadilishwa kwa uwiano hutoa kama kilomita 4,150. Ukigawanya kwa sekunde 600 unapata takriban kilomita 6.9 kwa sekunde.

Kasi inayotajwa kwa kawaida ni 7.66, na wanafunzi wanapogundua tofauti hiyo, jambo la kwanza wanalofanya ni kuulaumu uzi. Nawaomba wausamehe kwanza. Kituo hakitembei juu ya ardhi. Kiko takriban kilomita 420 juu yake, na duara lake lina nusu kipenyo cha 6,371 ongeza 420. Wakizidisha kasi yao kwa 6,791 na kugawanya kwa 6,371, wanafika karibu na 7.4. Bado kuna pengo. Kinachosalia ni mzunguko wa dunia yenyewe: kituo huelekea mashariki, na ardhi iliyo chini yake inakimbia mashariki pia, nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo nafasi zilizosomwa juu ya ramani zinaficha sehemu ya safari. Kosa lililoanza kama la mkono na rula linageuka kuwa vipande viwili vya fizikia, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaoweza kukokotolewa, na kinachobaki baada ya hapo ndicho kosa halisi la uzi. Ninalipenda zoezi hili kuliko yote ninayoyafundisha, na huenda ninalipa muda mwingi kuliko mtaala unavyoruhusu.

Si kila chanzo kinahitaji kuchimbwa kiasi hicho. Taarifa za hali ya hewa za viwanja vya ndege hutolewa kila saa au kila nusu saa kwa maandishi mafupi ya mafumbo yanayowafurahisha wanafunzi kama lugha ya siri, na ndani yake kuna halijoto pamoja na kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo hewa ikipoa hadi kuifikia, mvuke wake huanza kugeuka matone. Tofauti ya viwango hivyo viwili ikizidishwa kwa 125 hutoa makisio, kwa mita, ya mahali mawingu ya mafungu yanapoanzia. Halijoto ikiwa 29 na kiwango cha umande 21, msingi wa wingu unatarajiwa kwenye mita 1,000 hivi. Taarifa hiyohiyo hutaja kimo halisi cha wingu kwa mamia ya futi, kwa hiyo mwanafunzi hubadilisha vipimo na kujihukumu mwenyewe. Kanuni hukubali mchana wa jua na hukataa mawingu yanapokuwa ya tabaka, na ni vizuri wakaona kanuni ikikataa.

Kwa upepo wa jua ninatumia kipindi kimoja tu. Setilaiti iitwayo DSCOVR ilirushwa mwaka 2015 na kuwekwa takriban kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua ili ipime kasi ya chembe zinazotoka huko. Kasi ikiwa kilomita 400 kwa sekunde, chembe hizo zitatufikia baada ya dakika 62 au 63; ikiwa 800, ni nusu ya muda huo. Ni swali la kugawanya, lakini mtoto anayetambua kwamba tarakimu iliyo mbele yake inaeleza jambo ambalo bado halijaifikia dunia huligawanya kwa uangalifu mwingine.

Kaboni dioksaidi hewani ninaifundisha kwa sababu ya tundu lililomo katika data zake. Charles David Keeling alianza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilipokuwa chini kidogo ya visehemu 316 kwa kila milioni. Sasa imepita 420. Grafu yake hupanda kwa mawimbi: hufikia kilele karibu na Mei, kisha hushuka hadi Septemba au Oktoba misitu na mimea ya kizio cha kaskazini inapoivuta hewa hiyo wakati wa kukua. Mwishoni mwa Novemba 2022 mlima huo ulilipuka, lava ikakata barabara na umeme wa kituo, na vipimo vikasimama hadi vilipohamishiwa kwa muda kwenye mlima jirani wa Maunakea. Nawaonyesha wanafunzi mahali mfululizo ulipokatika na kuwauliza wangeliziba vipi pengo hilo. Wa kwanza huchora mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Nami hufunika kipande kirefu zaidi cha mwaka mwingine ambao data zake zimekamilika, nikiwataka wafanye vivyo hivyo, halafu naondoa karatasi ili waone mstari wao ulivyokatiza bonde la Septemba bila kushuka.

Sitaki kueleweka kwamba data hai zinafaa kila mahali. Mtoto asiyejua kugawanya hatajifunza kugawanya kwa kutumia kina cha tetemeko chenye desimali tatu. Anahitaji namba ndogo na safi, na mchele wake uchambuliwe. Nimewahi pia kuona, na nakiri kwamba nimewahi kufanya, kipindi kizima kikiisha kwa darasa kutazama ramani nzuri ya pepo ikizunguka kwenye ukuta, huku mwalimu akiamini kwamba anafundisha. Ile ilikuwa televisheni. Kipimo changu ni rahisi: kama hakuna mwanafunzi aliyeandika namba hata moja katika daftari lake, basi intaneti haikuwa na sababu ya kuwashwa.

Wala haihitajiki intaneti yenye nguvu, jambo ambalo walimu wengi hulihofia bila sababu. Mafaili haya ni maandishi matupu. Orodha ya siku moja ya matetemeko ya 2.5 na kuendelea ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Mimi huipakua jioni iliyotangulia na kuchapisha mistari 30 au 40, au kuiandika ubaoni nikikosa karatasi. Ugumu uko mahali pengine. Programu ya lahajedwali iliyowekwa katika lugha inayotumia mkato badala ya nukta ya desimali inaweza kuisoma 4.5 kama tarehe 4 Mei bila kumwambia mtu yeyote, kisha kuihifadhi tarehe hiyo kama idadi ya siku, na nimepoteza nusu kipindi nikitafuta tetemeko lenye ukubwa unaozidi elfu arobaini.

Wazo lenyewe si jipya. Mpango wa GLOBE, ulioanza mwaka 1995, ulijengwa juu ya wanafunzi wa nchi nyingi kupima halijoto, mvua na udongo wa mahali walipo na kuvituma vipimo hivyo kwenye hifadhi moja, na shule zimekuwa zikibadilishana kwa intaneti urefu wa vivuli vya fimbo wakati wa adhuhuri ili kurudia hesabu ya Eratosthenes, mtaalamu wa Ugiriki ya kale aliyepata mzingo wa dunia kutokana na tofauti ya pembe ya nyuzi 7.2, yaani sehemu moja ya 50 ya duara. Faida ya njia hiyo ni kwamba mwanafunzi aliyewahi kushika fimbo iliyoinama kidogo huisoma safu ya mtu mwingine kwa huruma na kwa mashaka, vyote viwili kwa pamoja.

Nirudi kwenye lile jedwali la kina. Siku moja mtandao ulikatika kabla ya kipindi na nikalazimika kutumia faili la siku iliyotangulia, ilhali mwanafunzi mmoja alikuwa amepakua lake asubuhi. Tetemeko lilelile lilikuwa na ukubwa tofauti katika mafaili yetu mawili, na kina chake kilikuwa kimehama kutoka 10 hadi namba yenye desimali. Ndipo tulipoanza kuzisoma zile safu nilizozidharau mwanzoni: moja inayoonyesha kama mstari umekokotolewa na mashine pekee au umepitiwa na mtaalamu, nyingine inayotaja saa uliporekebishwa mara ya mwisho, na nyingine inayokadiria kosa la kina. Darasa likaamua kufungua daftari la kufuatilia mistari yenye kilomita 10, ili lione ipi hubadilika baadaye na ipi hubaki.

Daftari hilo limezaa ugomvi ambao sijaweza kuusuluhisha. Kundi moja linataka kina chote cha 10 kifutwe kabla ya kutafuta mediani, kwa hoja kwamba kisichopimwa hakihesabiwi. Msichana wa swali la kwanza amepinga. Anasema mistari mingi ya namna hiyo iko katikati ya bahari, mbali na vituo, kwenye migongo ya chini ya maji ambako matetemeko kwa kawaida hayana kina kirefu, hivyo kuifuta ni kuyaondoa matetemeko ya juu na kuyaacha ya chini, na mediani itashuka kwenda kilindini kwa sababu ya kifutio tu. Wenzake wamemjibu kwamba kuiacha 10 ni kuikubali namba ambayo hakuna aliyeipima. Kwa sasa kuna mediani mbili ubaoni, moja kila upande, na wamenikataza kufuta yoyote.